Kijana Anayeogopa Kiharusi

Somo kwa vijana, kwa wazazi wao, na kwa walimu wa shule ya Jumapili

Tusome kwanza: 1 Wafalme 19:1-8, Zaburi 56, Marko 2:1-12.
Aya ya kujifunza kwa moyo: Zaburi 56:3. Itafute katika Biblia yako, uisome kwa sauti mara tatu.



Binti mmoja wa miaka 16, mwimbaji wa kwaya kutoka Kadutu, alikuja kwenye chumba chetu cha kupimia akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Akaniambia, "Mama muganga, unipime tansio upesi. Mdomo wangu unakwenda upande." Nikamwomba aondoe kitambaa. Mdomo wake ulikuwa sawa kabisa. Nikampima: 11 kwa 7. Nikamwambia, "Binti yangu, wewe ni mzima." Akashukuru, akaenda zake.

Siku ya nne akarudi. Safari hii vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikampima tena: mzima. Wiki iliyofuata akarudi mara mbili. Nilipomwuliza sababu, akalia, akanieleza. Mjomba wake, aliyekuwa mwimbaji kama yeye, alianguka kanisani Jumapili moja katikati ya wimbo. Mdomo wake ulipinda, mkono wa kuume ukalegea, na baada ya siku tisa wakamzika. Binti huyu alikuwa amesimama karibu naye. Tangu siku ile alikuwa akitazama kioo mara nyingi kutwa, akicheka peke yake aone kama mdomo umepinda. Usiku aliogopa kulala, akidhani hataamka. Shuleni alikuwa ameacha kuandika masomo yake.

Hapa ninakiri kosa langu. Kila alipokuja nilimpima, nikamtuliza, nikamrudisha nyumbani. Siku moja nikafungua daftari nikaona jina lake mara 11. Nikajiuliza: ni dawa gani hii, ambayo mgonjwa akipewa mara 11 anazidi kuugua? Ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nikiilisha hofu yake kwa mkono wangu mwenyewe.

Vijana wengi wana hofu kama hii, nao hawasemi. Kwa hiyo tujifunze pamoja.

1. Kiharusi ni nini?

Kiharusi, ambacho wengi mjini Bukavu hukiita AVC, ni ugonjwa wa ubongo. Si pepo, wala si karuho. Damu huenda kwenye ubongo kwa njia ya mishipa, kama maji ya Regideso yanavyopanda mtaani kwa bomba. Bomba likizibwa, watu wa juu hukosa maji. Bomba likipasuka, maji humwagika, na watu wa juu hukosa vilevile. Ndivyo ilivyo kichwani: mara nyingi bonge la damu huziba mshipa, mara nyingine mshipa hupasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa, na viungo vilivyotawaliwa nayo hulegea.

Mambo yanayoharibu mishipa yanajulikana. La kwanza ni tansio ya juu, nayo kwa kawaida haiumi hata kidogo. Tena kuna ugonjwa wa sukari, tumbaku, pombe nyingi, iwe kasiksi au kanyanga, chumvi nyingi katika chakula, na magonjwa ya moyo. Mambo haya hayaui mshipa kwa siku moja. Hula kidogo kidogo kwa miaka mingi, kama mchwa ndani ya mti. Ndiyo sababu kiharusi huangusha hasa watu wazima na wazee.

2. Je, kijana anaweza kukipata?

Nitasema kweli, maana hofu haiponywi kwa uongo. Kijana anaweza, lakini ni mara chache, na kwa kawaida kuna sababu iliyotangulia. Hawa ndio wanaopaswa kufuatwa na hospitali:

Mwenye ugonjwa wa damu wa SS, hata kama ni mtoto mdogo.
Mwenye ugonjwa wa moyo, ama wa kuzaliwa nao, ama ule unaofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa vema utotoni.
Mwenye ugonjwa wa figo, ama ugonjwa wa sukari, ama tansio iliyokutwa juu kwa siku mbalimbali.
Binti mwenye mimba anayeumwa kichwa sana, anayeona giza machoni, au kuvimba uso na mikono.

Kama wewe ni mmoja wa hao, usikate tamaa, lakini usikose tarehe zako za hospitali wala dawa zako. Kama wewe si mmoja wao, na umekwisha kupimwa vema ukakutwa mzima, basi umepewa jibu lako. Lipokee.

3. Hofu hufanya nini mwilini?

Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, nchi ilitetemeka hapa Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi. Walioishi mjini siku zile wanakumbuka jinsi ilivyokuwa baadaye. Lori lilipita barabarani, dirisha likatikisika kidogo, na watu wakakimbilia nje. Lori halikuwa tetemeko. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kukimbia kabla akili haijauliza.

Mungu ameweka ndani ya mwili mlinzi wa namna hii, atuokoe katika hatari. Mlinzi huyu akishtuka, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, pumzi huenda haraka. Ni kazi nzuri, kama kuna nyoka njiani. Lakini mlinzi aliyeona jambo baya sana huweza kupiga kelele kwa kila kivuli. Na mji wetu umeona mengi: vita vya mwaka 1996, vya mwaka 2004, na mambo ya Februari 2025. Vijana wetu wengi wana mlinzi aliyechoka, asiyelala.

Sasa angalia sana. Mtu akipumua haraka kupita kiasi, hewa iliyo katika damu yake hubadilika. Ndipo vidole na midomo hufa ganzi, kichwa huzunguka, kifua hubana, magoti hulegea. Kijana akiona hayo husema, "Tazama, kiharusi kimefika!" Hofu huongezeka, pumzi huzidi mbio, na ganzi huongezeka. Hofu imezaa dalili, na dalili imezaa hofu. Mtoto huyu na mama yake hulishana.

Kumbuka hili: ukipanda kutoka ziwani mpaka Kadutu na ndoo ya maji kichwani, moyo wako hupiga mbio vilevile, nawe huogopi, kwa sababu unajua ni mlima. Basi ujue kwamba hofu nayo ni mlima. Moyo unaopiga mbio kwa sababu ya hofu ni moyo unaofanya kazi yake.

4. Dalili za kweli, na mbio za watu wanne

Tunajuaje kiharusi cha kweli? Kwa kawaida huja ghafula, kama mtu aliyezimiwa taa, na mara nyingi hushika upande mmoja. Tazama mambo matatu:

Uso: mwambie mtu acheke, je, upande mmoja umeanguka?
Mikono: mwambie ainue yote miwili, je, mmoja unashuka wenyewe, hauna nguvu?
Maneno: mwambie aseme sentensi fupi, je, ulimi ni mzito, au maneno yamevurugika?

Tena mtu aweza kupofuka ghafula, kupoteza mwendo ghafula, au kushikwa na maumivu makali ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani. Hata moja tu likitokea, enda hospitali papo hapo. Hata kama dalili imetoweka baada ya dakika chache, enda, maana hiyo huweza kuwa onyo la kiharusi kikubwa.

Katika Marko 2 twawaona watu wanne waliomchukua rafiki yao aliyepooza. Hawakukaa nyumbani kubishana nani amemloga. Walibeba. Nanyi fanyeni hivyo: angalieni saa, mkumbuke dalili zilianza lini. Mlazeni mgonjwa kwa ubavu. Msimpe maji, wala chakula, wala kidonge cha tansio, maana aweza kupaliwa, na tansio ikishushwa ovyo ubongo hukosa damu zaidi. Msimchanje, wala msimkande kwa mafuta. Tafuteni gari ambamo aweza kulala, mwende.

Lakini wewe kijana mwenye hofu, sikia neno moja zaidi. Majaribu haya matatu ni kwa kumsaidia mtu aliyebadilika ghafula. Si kwa kujijaribu mbele ya kioo mara 30 kwa siku. Mtu akitazama mdomo wake kwa hofu muda mrefu, mwishowe atauona umepinda, maana hakuna uso ambao pande zake mbili ni sawasawa kabisa.

5. Kwa nini kupimwa tena hakuponyi

Yule binti alipopimwa alipata utulivu. Lakini utulivu ule ulidumu siku tatu, kisha siku mbili, kisha saa chache. Ni kama mtu anayejikuna upele: anapata raha kidogo, na kidonda kinapanuka. Kila mara alipokimbia kuja kwetu, moyo wake ulijifunza hivi: "Nimeokoka kwa sababu nilipimwa." Haukupata nafasi ya kujifunza kwamba angeokoka hata bila kupimwa.

Tena tansio ya mtu mwenye hofu hupanda kwa muda. Siku moja binti alikuja mbio, nikampima 13 kwa 8, naye akadhani ugonjwa umeanza. Alipokaa nusu saa ikarudi 11 kwa 7. Kwa mtu mzima, tansio huitwa ya juu ikifika 14 kwa 9 au kupita, tena ikikutwa hivyo kwa siku mbalimbali, mtu akiwa ametulia. Hesabu ya siku moja ya mbio si hukumu.

6. Mambo ya kufanya

Kwanza: pimwa vema mara moja. Mweleze muganga yote, pamoja na magonjwa ya jamaa yako. Uliza maswali yako yote. Akisema wewe ni mzima, mwulize pia lini urudi, nawe ushike tarehe hiyo tu.

Pili: funga mlango wa kujipima. Acha kioo, acha kushika mshipa wa mkono, acha kutafuta magonjwa katika simu usiku. Ukishindwa kuacha kwa mara moja, chelewesha. Leo ngoja robo saa kabla ya kutazama kioo. Wiki ijayo ngoja nusu saa. Utashangaa: mara nyingi muda ukifika, haja imekwisha.

Tatu: pumua polepole. Kaa chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, uitoe taratibu ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo dakika 5. Usipumulie ndani ya mfuko wa plastiki, ni hatari.

Nne: acha wimbi lipite. Hofu ni kama wimbi la Ziwa Kivu. Hupanda, hufika juu, kisha hushuka lenyewe. Usipigane nalo. Sema, "Hii ni hofu, ninaijua," kisha endelea na kazi uliyokuwa nayo, kama ni kuosha vyombo, oshea. Kama ni kuimba, imba.

Tano: tunza mwili. Soma habari ya Eliya. Alikuwa nabii mkuu, naye aliogopa mpaka akaomba kufa. Mungu hakumkemea kwanza. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, akampa usingizi tena. Basi lala kwa saa zako. Kula maharagi, sombe, lengalenga na sambaza. Usinywe kahawa nyingi wala vinywaji vya kutia nguvu, maana huamsha moyo mbio. Cheza mpira, tembea. Kwa mtu mzima wa mwili, kazi ya moyo huimarisha moyo.

Sita: usimeze kidonge cha tansio cha mzee wako, wala dawa ya usingizi iliyonunuliwa bila muganga. Vijana wamezimia kwa sababu hiyo. Walikuwa hawana ugonjwa, wakajitengenezea mmoja.

Saba: sema na mtu mmoja unayemwamini. Hofu iliyofichwa hukua gizani. Kama imekuzuia shule au usingizi kwa wiki nyingi, sema na muganga. Na kama umeanza kuwaza kwamba afadhali kufa, sema leo, usingoje kesho. Hapa Bukavu kuna kituo cha SOSAME kwa magonjwa ya nafsi. Kinaongozwa na ndugu zetu wa kanisa la Katoliki. Mprotestanti aende bila haya, kama vile angeenda kutibiwa mguu.

7. Kuhusu sala

Kuna jambo ambalo waamini hawalitazami mara nyingi. Hata sala yaweza kugeuzwa kuwa kioo. Binti yetu alikuwa akiomba, "Bwana, nisianguke," kisha akijipapasa mkono aone kama amejibiwa, kisha akiomba tena, mara nyingi kabla ya kulala. Hilo si kumwachia Mungu. Ni kumpa mzigo na kuushika kamba.

Mwandishi wa Zaburi 56 hakusema kwamba haogopi kamwe. Alikiri kwamba kuna siku anaogopa, na siku hiyohiyo alichagua kumtumaini Mungu. Kwa hiyo hofu si dhambi, na tumaini halingoji hofu iishe. Omba mara moja kwa maneno machache, sema Amina, kisha usimame ukafanye la kufanya. Yesu naye alituuliza katika Mathayo 6 ni nani awezaye kujiongezea maisha kwa kujisumbua. Jibu tunalijua sote.

8. Neno kwa wazazi na wachungaji

Msimwambie kijana, "Huna imani." Maneno hayo humwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Msimcheke. Lakini pia msimpeleke kupimwa kila anapoomba; afadhali kaeni naye mpaka wimbi lipite.

Na ninyi wazazi, chungeni ndimi zenu. Mara ngapi nyumbani husikika, "Mtoto huyu ataniua kwa tansio! Utanipa AVC!" Kwenu ni hasira ya dakika moja. Mtoto huenda nayo kitandani, akiamini kwamba mzazi akianguka, ni yeye aliyemwangusha.

9. Mwisho wa habari ya binti yule

Nilipoona jina lake mara 11, nilimwita. Nikamwomba msamaha, nikamwambia, "Binti yangu, leo sitakupima. Lakini niambie: nyumbani kwenu nani amepita miaka 40, na hajapimwa hata mara moja?" Akafikiri, akasema, "Nyanya yangu, aliyemzaa mjomba." Nikamwambia, "Basi umlete yeye."

Ijumaa akamleta. Mama mzee alisema haumwi kitu, ila kichwa kidogo asubuhi. Tukampima akiwa ameketi: 19 kwa 11. Tukampima tena baada ya kupumzika: karibu vilevile. Tukamwandikia dawa, tukamwambia apunguze chumvi na vile vidonge vya Maggi katika mchuzi, na asiache dawa hata akijisikia vema.

Nalirudi nyumbani nikiwa kimya. Kwa majuma mengi nilikuwa nimempima mtu asiyehitaji, na nyumba hiyohiyo ilikuwa na mtu aliyehitaji sana, wala hakuna aliyeuliza. Hofu ilikuwa imemulika taa mahali pasipo ugonjwa.

Tangu siku ile binti ndiye anayemkumbusha nyanya yake kidonge kila jioni, na kuweka alama katika daftari. Hofu yake haikuisha kwa siku moja. Siku ya kumaliza matanga ya mjomba ilimrudia kwa nguvu, na vidole vikafa ganzi. Akaketi nyuma ya nyumba, akapumua polepole, wimbi likapita, akarudi kuimba na wenzake. Hakuja kupimwa. Aliniambia habari hiyo yeye mwenyewe siku alipomleta nyanya kwa tarehe yake. Tansio ya mama mzee ilikuwa imeshuka.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Taja dalili tatu za kiharusi cha kweli. Utafanya nini ukiziona kwa mtu?
2. Kwa nini vidole hufa ganzi mtu akiogopa?
3. Kwa nini kupimwa mara kwa mara hakukumponya binti?
4. Mungu alimpa Eliya nini kabla ya kusema naye?
5. Nyumbani kwako nani amepita miaka 40 na hajapimwa tansio? Utampeleka siku gani?

Tuombe

Bwana wetu, wewe uliyeumba moyo na kuuhesabia mapigo yake, uwatazame vijana wanaoamka usiku kwa hofu. Uwape usingizi. Uwape mtu wa kumwambia. Utufundishe kutazama mgonjwa wa kweli aliye karibu nasi, na kumchukua upesi kama wale watu wanne. Na siku zetu, ziwe nyingi au chache, zikae mkononi mwako. Amina.